Jibu lilikuwa 16

Nani kati yetu hakupitia Génies en herbe? Hata kama hukukaa mbele kwenye meza, ulikaa nyuma kwenye mabenchi, unapiga makofi na unanong'oneza jibu mpaka mwalimu anakutoa inje. Mimi nilikuwa mtu wa mabenchi miaka yote ya sekondari. Mara yangu ya kwanza kukaa mbele nilikuwa na miaka 31, diploma kwenye kabati, kazi hakuna, na mashindano yenyewe hayakuwa ya shule. Yalikuwa wazi kwa kila mtu: timu ya watu 4, mtoke popote, mlipe kidogo kwenye mlango, mjibu.

Ilikuwa hapa Lubumbashi, ndani ya sale moja ya Kamalondo yenye mabati yanayolia mvua ikinyesha. Kikundi kimoja cha vijana ndicho kilitayarisha, siku za Jumamosi tatu. Watu walijaa kabisa. Usifikiri ni wanafunzi tu. Kulikuwa mama wauzaji wa soko, wazee wenye koti, watoto juu ya madirisha. Ile Jumamosi ya kwanza nilihesabu timu 12, na moja ilikuwa ya mafundi wa gereji waliokuja na mafuta kwenye mikono. Walituogopesha sana kwa jiografia.

Timu yetu tuliiokota njiani. Mwalimu mmoja wa hesabu, jirani yangu. Dada mmoja aliyekuwa anamaliza sheria. Kijana mrekebishaji wa simu aliyesoma mpaka la nne sekondari tu, lakini anasikiliza redio kutoka asubuhi mpaka usiku. Na mimi, mwenye lisansi ya historia, ambaye wote walinihesabia kama silaha. «Historia ikikuya, sisi tunanyamaza, weye njo unapiga kengele,» mwalimu aliniambia. Sawa. Nilikubali kwa majivuno.

Mniruhusu kidogo niwaambie mchezo huu ulitoka wapi, juu wengi wanadhani ni mapadri au Wabelgiji walituletea. Hapana. Mchezo wa timu mbili, kengele, na kukatiza swali katikati, ulianza kujulikana Marekani kwenye redio mwaka 1953, vyuo vikuu vikishindana, na 1959 ukaingia kwenye televisheni. Waingereza wakauchukua mwaka 1962, wakauita University Challenge. Kule Kanada walikuwa wameanza 1961, mjini Vancouver, mashindano ya shule za sekondari kwa Kiingereza, jina lake Reach for the Top. Ndipo Radio-Canada, ya wasemaji wa Kifaransa, ikaanzisha Génies en herbe mwaka 1972. Kipindi kile kilidumu miaka 25, kikakufa 1997. Lakini jina lilikuwa limekwisha kusafiri katika nchi za Kifaransa, na kwetu halikukufa. Uliza mtoto wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Kinshasa: atakuambia Génies en herbe ni mchezo wa shule yao. Radio-Canada haijui ni nini.

Kwa hiyo mchezo ni wa kurithi. Maswali nayo, mara nyingi, ni ya kurithi. Kadi zinapita kutoka mkono mpaka mkono, zinanakiliwa, anayenakili haulizi aliyeandika alitoa wapi. Ile siku mimi sikufikiria hayo.

Tulishinda Jumamosi ya kwanza kwa pointi chache. Ya pili tulishinda kwa bahati, juu mafundi wa gereji walikataliwa jibu moja ambalo mimi mpaka leo naona lilikuwa sawa, lakini sikufungua kinywa. Ya tatu ikawa fainali, na tulipambana na wanafunzi wanne wa udaktari, wamevaa mashati meupe ya namna moja. Walikuwa wazuri. Kwenye sehemu ya «Mimi ni nani?» walitupita kabisa: mwendeshaji alisema tu «Nilizaliwa nikiwa dada wa mwanasiasa, nilimaliza Lovanium 1964...» na wao wakapiga kengele: Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Congo kupata diploma ya chuo kikuu. Ile ilikuwa historia, ilikuwa yangu mimi, na mkono wangu ulichelewa. Mwalimu hakuniangalia hata.

Halafu umeme ukakatika. Dakika 20 za giza, watu wanaimba, mtu anatafuta petroli ya jenereta. Tuliporudi kwenye mwanga, pointi zilikuwa sawasawa, na ilibaki swali moja la mwisho. Bahasha ya pesa ilikuwa mezani mbele ya juri. Robo yangu ya ile bahasha ilikuwa minervali ya mtoto wangu ya miezi mitatu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ndani ya giza.

Mwendeshaji akasoma: «Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Congo ilikuwa na Wakongo wangapi...»

Nilipiga kengele kabla hajamaliza. Nilijua. Kila mtu aliyepita kwenye somo la historia anajua.

«16.»

Sale ililipuka. Mwalimu alinibeba. Wale madaktari walitupa mkono kwa heshima, na mama mmoja asiyenijua alinimwagia maji ya chupa kichwani kama mchezaji wa Mazembe.

Nilirudi nyumbani usiku na bahasha, nikamkuta Papa kwenye baraza. Nikamwelezea yote, swali kwa swali, na nikalimaliza na lile la mwisho kwa sauti ya mwendeshaji. Papa hakucheka. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, pole pole:

«Weye ulisema 16?»

«Ndiyo, Papa. Njo jibu.»

«Na nkambo yako, ulimuweka wapi?»

Sikuelewa. Aliingia ndani, akakaa muda, akatoka na kitabu kidogo cha kazi kilichofungwa ndani ya plastiki. Ni cha babu yangu, baba yake. Babu alitoka upande wa Moba, ambayo wakati wa Wabelgiji iliitwa Baudouinville. Alisoma seminari ndogo, halafu seminari kubwa ya Baudouinville, falsafa na teolojia, karibu miaka 7, kwa Kilatini na Kifaransa. Alitoka kabla ya kupewa upadri. Kwa nini, katika familia hakuna anayesema. Akaenda Albertville, Kalemie ya leo, akaandikwa karani kwenye kampuni moja ya usafirishaji. Papa alifungua ukurasa, akaniwekea kidole kwenye mstari wa masomo. Kwa mkono mzuri wa mzungu fulani iliandikwa: shule ya msingi.

«Alikuwa anahesabu feza kwa Kilatini,» Papa akasema, «juu sisi batoto tusijue ziko ngapi.»

Akafunga plastiki yake, akaingia kulala. Mimi nikabaki na bahasha.

Kesho yake nilianza kutafuta. Nina lisansi, wenzangu, na ninaona haya kusema kwamba sikuwahi kujiuliza ile 16 ni hesabu ya nani. Ndiyo hivi nilivyoikuta.

Namba yenyewe si uongo. Inaandikwa katika vitabu vingi. Vingine vinasema tu chini ya 30, juu inategemea unafunga mlango tarehe gani na unahesabu diploma za wapi. Sababu ya uchache inajulikana. Wabelgiji waliwapa wamisioni shule karibu zote, wakapanua msingi, wakafinya juu. Shule za serikali zisizo za misioni, kwa watoto weusi, zilikuja tu baada ya 1954, wakati Auguste Buisseret alikuwa waziri wa makoloni. Lovanium ilifungua milango mwaka huohuo wa 1954, kwenye kilima cha Kimwenza karibu na Léopoldville, na wa kwanza walimaliza 1958. Chuo kikuu chetu hiki cha Élisabethville kilifunguliwa 1956. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza, kaka ya yule Sophie aliyenishinda, alimaliza Louvain kule Ubelgiji katika pedagojia na saikolojia. Anahesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata diploma ya chuo kikuu. Kutoka 1956 mpaka 1960 ni miaka 4 tu. Ungetegemea watu wangapi?

Lakini angalia hayo maneno: asiye padri. Hapo ndipo nilipokuta babu yangu.

Juu mapadri walikuwepo, na wengi. Wa kwanza ni Stefano Kaoze, Mtabwa wa huku kwetu, wa ile nchi ya milima ya Marungu na ziwa Tanganyika. Alipewa upadri mwaka 1917. Na kabla ya hapo, akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa Ubelgiji, mwaka 1910 na 1911. Mkongo, kijana, anaandika jinsi watu wake wanavyofikiri, miaka 50 kabla ya uhuru! Mudimbe, mtoto wa Likasi ambaye naye alipita kwenye nyumba ya watawa kabla ya Lovanium, amemchambua Kaoze kwa makini. Mimi nilikuwa nimesoma Mudimbe kwa ajili ya mtihani na niliruka zile kurasa. Kufika 1960, mapadri Wakongo walikuwa mamia, na Pierre Kimbondo wa Kisantu alikuwa askofu tangu 1956. Kila mmoja alikuwa na miaka ya falsafa na teolojia nyuma yake. Na kwa kila aliyefika altareni, walikuwepo wengine walioachia njiani kama babu, wakaenda kuwa makarani, walimu, wakalimani. Hakuna hata mmoja ndani ya 16. Karatasi ya seminari haikuwa diploma mbele ya serikali.

Tena kuna mwingine ambaye hakuwa padri, wala hakungoja 1956. Paul Panda Farnana, mtoto wa Bas-Congo, alipelekwa Ubelgiji mwaka 1900, akapata diploma ya kilimo Vilvoorde mwaka 1907, akarudi kufanya kazi kwenye bustani ya mimea ya Eala, upande wa Ekwateri. Vita ya 1914 ikamkuta Ubelgiji. Akajitolea askari, akatekwa, akakaa mfungwa Ujerumani mpaka mwisho. 1919 akaanzisha Umoja wa Wakongo kule Brussels, akaanza kudai shule kwa ajili ya watu wake. Alikufa 1930, nyumbani. Kwa hesabu ya 1960 alikuwa marehemu, kwa hiyo kadi haimhitaji. Ni haki ya hesabu. Ila mwanafunzi anayesikia 16 anatoka na wazo kwamba kabla ya hapo hakukuwa na kitu.

Nilikwenda kwa timu yangu na haya yote, nikiwa na moto. Tulikaa kwa kijana wa simu, kwenye kibanda chake, na nilitegemea wanipongeze. Dada wa sheria alinikata mara moja.

«Yaya, usidanganye watu. Ile 16 njo ushahidi wetu. Uhuru umefika, hakuna daktari mmoja Mkongo mwenye diploma kamili, hakuna ofisa mmoja mweusi katika Force publique. Weye sasa unataka kuweka mapadri ndani juu namba ipande, halafu Mbelgiji aseme, mnaona, tuliwasomesha. Teolojia ya nkambo yako ingepasua mgonjwa?»

Alikuwa na haki. Wasaidizi wa madaktari waliokuwepo ilibidi wapelekwe Ufaransa makumi kwa makumi kumaliza masomo. Nilimjibu kwamba Mbelgiji naye anaitumia hiyohiyo 16, kwa upande wake: mnaona, hawakuwa tayari, walitaka uhuru mbio. Namba moja, mashahidi wawili wanaopingana, na wote wanaipenda. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi.

Mwalimu wa hesabu alisema namba haina kosa, kosa ni swali. Ukiuliza «wangapi walikuwa na diploma iliyotambuliwa na serikali ya koloni», 16 inakaa vizuri. Ukiuliza «wasomi walikuwa wangapi», hapo huna namba.

Kijana wa simu alikuwa anapuliza vumbi ndani ya simu ya mtu. Hakuinua kichwa.

«Na Lumumba? Alikuwaka na diploma gani?»

Tukanyamaza wote watatu. Lumumba alikuwa karani wa posta. Na tukakumbuka upande wa pili, ambao sisi wenye diploma hatupendi kuutaja. Septemba 1960, Mobutu alipowaweka wanasiasa pembeni, aliweka serikali ya vijana wasomi, wale makamishna wakuu, Justin Bomboko mbele yao. Wenye diploma na wanafunzi: wengine waliitwa kutoka Ubelgiji, wengine kutoka Lovanium. Étienne Tshisekedi alikuwa bado mwanafunzi wa sheria, akawa naibu kamishna wa sheria. Ilikuwa serikali yenye masomo mengi kuliko ile iliyotangulia. Na wakati wao ndipo Lumumba alikamatwa, akapelekwa huku kwetu Katanga, akauawa 17 Januari 1961, si mbali na hii mezani tulipokuwa tumekaa.

Dada wa sheria akasema, «Haya, hiyo iandike kwenye kadi.»

Hatukujua kwamba maneno yake yatafika. Mwaka uliofuata, wale vijana walifanya mashindano tena, na kwa desturi yao mpya timu iliyoshinda haishindani: inaandika maswali. Walituletea kadi tupu, 40, kila moja na mistari miwili ya swali na mmoja wa jibu. Nilikaa usiku tatu. Nilitaka kuandika juu ya babu. Haingii kwenye mistari miwili. Nilitaka kuandika upya lile swali la 16 kama mwalimu alivyolisahihisha, na «serikali ya koloni» ndani; mtayarishaji mmoja aliisoma akasema ni ndefu, watu watapiga kengele kabla ya kufika hapo. Alisema kweli. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyoshinda.

Mwisho niliandika moja tu ya namna hiyo, na ilipita: «Mwaka 1910, bado mseminari, nilianza kuchapisha kwa Kifaransa maandishi juu ya saikolojia ya Wabantu. Mwaka 1917 nikawa padri wa kwanza Mkongo. Mimi ni nani?»

Ile Jumamosi nilimleta Papa. Alivaa koti lake la Krismasi, akakaa safu ya tatu, mikono juu ya fimbo. Kadi yangu ilitoka katikati ya nusu-fainali. Mwendeshaji alisoma sentensi ya kwanza, kimya. Akasoma ya pili, kimya. Wasichana wanne wa upande wa kushoto wakaangaliana, mmoja akaweka mkono karibu na kengele, akaurudisha. Sekunde 10 zinakuwa ndefu sana ndani ya sale iliyojaa.

Nyuma kwenye mabenchi mzee mmoja akaita jina kwa sauti kubwa. Si Papa, mzee mwingine, simjui. Juri ikamnyamazisha, juu watazamaji hawana ruhusa. Pointi hazikwenda kwa mtu. Mwendeshaji akasoma jibu, akalitamka vibaya, akachukua kadi iliyofuata, ya mpira: Mazembe ilicheza fainali ya dunia ya klabu mwaka gani? Kengele mbili zililia kwa pamoja. 2010, dhidi ya Inter Milan. Watu wakasimama kupiga makofi.

Papa aligeuka kumtafuta yule mzee. Walitoka pamoja wakati wa mapumziko, na kipindi cha pili hawakurudi. Niliwakuta baadaye inje, kwenye ukuta, wanazungumza Kitabwa.